Shuka la Kamba ya Tatu

Kikohozi kilitoka nyuma ya kamba ya tatu, na nyuma ya kamba ya tatu hapakuwa na mtu.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Jua lilikuwa wima, kila kivuli kimejikunja chini ya mwenyewe. Uwanja wa kuanikia ulijaa mashuka meupe, kamba sita, yametulia kama watu wanaosubiri kuitwa, na upepo haukuwepo hata wa kutikisa uzi. Msichana mpiga pasi alikuwa akianua upande huu, shangazi yake upande ule. Wote wawili wakaganda, mikono juu, vibanio vidoleni.

"Umekohoa?" Shangazi aliuliza.

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi nikikohoa mtaa mzima unapata habari."

Wakacheka, kicheko kifupi cha watu wanaosikiliza huku wanacheka. Kikohozi hakikurudi. Lakini shuka moja la kamba ya tatu lilivimba taratibu katikati, kama shavu la mtu aliyeshika maji mdomoni, likakaa hivyo kwa muda wa pumzi moja, likanywea, kisha likadondoka. Vibanio vyake vilibaki kambani, vimeuma hewa.

Kwenye kazi ya udobi kuna sheria ambayo mgeni hufundishwa kabla hajaonyeshwa choo kilipo: shuka halilali chini. Likianguka, aliye karibu hulinyanyua kabla ya pumzi ya pili, asiulize nani kaliangusha. Siku ile aliyekuwa karibu alikuwa Chemsha, mtu wa boila, pande la mwanamume mwenye kifua kama mlango, ambaye alikuwa ametoka nje kupunga hewa. Akainama, akalinyanyua, akalinusa, akakunja uso.

"Hili nani kalikunja bichi?" alisema. "Linanuka kisima."

Hakuna aliyelikunja. Lilikuwa limetoka kwenye maji ya moto saa mbili tu zilizopita. Chemsha akalirudisha kwenye pipa, akajifuta mikono kwenye aproni yake, akaingia ndani kwenye mvuke wake.

Siku ya tatu akaanguka.

Hakuwa na homa. Hakuwa na mafua. Asubuhi ile alikuwa amemtania Bwana Saa, msimamizi wao, kwamba mwishowe atafunga ndoa na saa ya ukutani, maana ndiyo pekee anayoitazama kwa mapenzi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa boila, akainuka, na katikati ya kuinuka macho yake yakaondoka. Alikwenda chini mzima mzima, kama nguo iliyovuliwa.

Kila mtu alisema ni joto. Nani udobini hajawahi kuzimia kwa mvuke? Kwa jambo hilo walikuwa na desturi yao ya miaka mingi. Aliye karibu anakunyanyua, anakukalisha, anakupepea kwa foronya, anakunywesha maji ya sukari kwa kikombe cha bati kinachoning'inia mlangoni, kikombe kimoja cha watu wote. Kisha anakuvua aproni, anaivaa yeye, na anamaliza zamu yako, kwa sababu boila likishawaka haliachwi peke yake. "Aliyekunyanyua ndiye wewe mpaka jioni," walisema, na walijivunia neno hilo. Bwana Saa ndiye aliyemnyanyua Chemsha. Akavaa aproni iliyolowa jasho la mwenzake, ikamfika karibu na vifundo vya miguu, na watu wakapata cha kucheka siku nzima.

Kicheko kilikwisha siku nne baadaye. Bwana Saa aliinua uso kuitazama saa yake, akabaki ameikodolea, akaegemea ukuta kwa kiganja, na kiganja kikateleza. Aliyemnyanyua alikuwa mwanamke wa mapipa, waliyempa jina la Povu kwa wingi wa maneno yake, na aproni ikahamia kiunoni mwake; Bwana Saa akapelekwa kwao kuugua. Jioni hiyohiyo ikaja habari kwamba Chemsha, pande lile la mtu, amefariki. Mkewe alisimulia kwamba hakukohoa mpaka siku mbili za mwisho. Pumzi ilikuwa ikipungua tu, ikipungua, kama kuna aliyemkalia kifuani.

Msichana wa pasi moyoni alikuwa akihesabu. Kabla ya Chemsha kuanguka, kikohozi kilisikika uwanjani. Kabla ya Bwana Saa, kilisikika mlangoni. Na asubuhi ile, wakati Povu anafunga mkanda wa aproni, kilikuwa kimesikika ndani, kwenye kona ya mapipa, hafifu, cha mara moja, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Walioanguka hawakuwa wakikohoa. Aliyekohoa hakuwa akionekana. Na kila kilipopita, kwenye nyumba iliyonuka sabuni kuanzia sakafuni mpaka darini, ilibaki harufu ile ya kisima.

Mganga aliyepunga majini mitaa ile alikuwa mteja wao. Alikuja kuchukua mavazi yake meupe, akafika kizingitini, akakataa kuingia. Alisimama pale kitambo kirefu, kichwa ameinamisha upande mmoja. Akauliza nani alianguka na nani alimnyanyua, wakamweleza kwa zamu, mpaka kwenye lile shuka la kwanza. Alichojibu alikijibu kwa sauti ya chini, kama asiyetaka kusikiwa na mtu aliye ndani zaidi yao.

"Huyu hana miguu yake. Anasafiri kwa mikono ya watu. Anamwangusha mmoja ili mwingine ainame. Anayenyanyua ndiye anayembeba."

"Sasa tufanyeje?" Povu aliuliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kwa maneno mawili tu.

"Msinyanyue."

Akaondoka. Mavazi yake aliyaacha.

Siku mbili baadaye Povu akaanguka, kati ya mapipa na rundo la mashuka mabichi, na watu tisa wakasimama duara, mikono nyuma. Hakuwa amepoteza fahamu yote. Macho yalikuwa wazi. Yalimpitia mmoja mmoja, yakamfikia msichana wa pasi, yakakaa hapo, na msichana akatazama sakafu. Boila lilikuwa likinguruma. Mwishowe Povu alitambaa, akashika ukingo wa pipa, akajivuta mpaka akasimama, akachukua viatu vyake mkononi na kwenda zake bila kuaga. Ndugu zake walimpeleka hospitali wiki iliyofuata, akiwa ameanza kukohoa. Hakurudi.

Walipokuwa wanarudi nyumbani alasiri ile Povu alipoanguka, Shangazi alisimama katikati ya njia. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Pale kazini ndiye aliyekunja mashuka, na kona zake zilikutana sawasawa hata angefumba macho. Alimshika mpwa wake mkono.

"Nikianguka, usiniguse."

"Shangazi, usianze."

"Sianzi, namaliza. Siku tuliyomzika mama yako nilikubeba mgongoni, na sikukutua mpaka miguu yako ikaanza kuburura chini. Sikukubeba kote huko ili uje uanguke kwa ajili yangu. Niapie."

Msichana akaapa. Kumwapia mtu unayempenda kwamba utamwacha ni kumeza jiwe, nalo halishuki. Alitembea nalo kooni mpaka nyumbani, na kesho yake akarudi nalo kazini.

Kesho hiyo alikuja muuguzi. Hospitali ilikuwa mwisho wa barabara ileile, nyuma ya geti la uwanja, na mashuka ya wodini yalikuwa yamechelewa. Alikuja kwa ukali wa mtu anayedai chake, akakuta mashine tatu zimezimwa na watu wachache wanaotembea kama wamekanyaga mayai, akauliza kulikoni. Wakamwambia yote, na la mganga pia. Hakucheka. Alisikiliza hasa walipofika kwenye kikombe cha bati. Alikitoa mlangoni kwa ncha za vidole, akakidumbukiza kwenye maji yanayochemka.

"Jini simjui," alisema. "Ila huyu aliyewaangusha nafikiri namjua. Wodini kwetu wameletwa wazee saba kwa kuanguka tu. Tukawapiga picha za mifupa, tukawafunga bandeji, tukawarudisha kwao. Hakuna aliyewaza virusi, maana hakuna aliyekuwa na homa wala kikohozi. Sisi tulisubiri kikohozi, na kikohozi kilikuja mwisho."

Akawaeleza kwamba kuna maambukizi yasiyobisha hodi mlango wa mbele. Kwa watu wengine, zaidi waliokula chumvi nyingi, mwili unazidiwa kimyakimya. Mtu anainuka alipokaa, presha inashuka, damu haifiki kichwani, chini. Mnadhani kajikwaa. Mnadhani joto. Kumbe ndiyo barua ya kwanza. Akawataka wafungue madirisha yote, wafunike pua na midomo, wachemshe aproni, kila mtu awe na kikombe chake.

"Na aliyeanguka msimguse kwa mikono mitupu," alimalizia. "Lakini mleteni. Siku hiyohiyo. Akija siku ya kwanza tunamwahi."

Msichana aliyasikia maneno hayo akiwa dirishani. Mganga kasema wasinyanyue. Muuguzi kasema walete. Wote wawili wamekataa mikono mitupu. Akageuka kutazama nje, na pale uwanjani, pasipo upepo, shuka la kamba ya tatu lilikuwa limevimba upande wa dirisha, limetulia hivyo, kama mtu aliyeegesha sikio.

Shangazi alianguka siku ya tano kutoka hapo, saa sita na nusu.

Alikuwa ameketi kwenye stuli yake mbele ya meza ya kukunjia. Aliinuka ili akutanishe kona. Shuka alilokuwa nalo lilishuka kwanza, yeye akalifuata, na paji la uso likagonga mguu wa meza kwa sauti ndogo ambayo msichana angeisikia kwa miaka. Watu wakarudi nyuma. Kwenye kona ya mapipa kikohozi kikasikika. Shangazi alikuwa amelala ubavu, damu imechora mstari kwenye nyusi, na macho yake yalimtafuta mpwa wake mpaka yakampata. Kidole chake cha shahada kikainuka kidogo juu ya sakafu, kikatikisika. Hapana. Uliapa.

Msichana alisimama, mikono nyuma, kama walivyosimama kwa Povu.

Kilichomwokoa ni kazi yenyewe. Udobini mashuka mabichi ya pipa zima hayanyanyuliwi na mtu. Yangevunja mgongo wa ng'ombe. Unatandika shuka kuukuu sakafuni, unalisukumia rundo juu yake, unashika kona mbili, unaburuta. Ndilo somo la kwanza alilofundishwa siku alipoajiriwa, na aliyemfundisha alikuwa amelala pale chini. Akavaa glavu za mpira za mapipani. Akajifunga foronya puani. Akachomoa shuka kutoka kwenye pasi, likiwa bado na moto, akalitandika, na kwa ule mti mrefu wa kukorogea nguo akamsukumia mwanamke aliyemlea juu ya nguo, taratibu, kama anayeviringisha mtoto aliyelala.

"Sikunyanyui, Shangazi," alimnong'oneza. "Nakuburuta."

Njia fupi ya hospitali ilikuwa geti la nyuma, na geti la nyuma lilikuwa ng'ambo ya uwanja. Akatupia kona mbili begani, akaupa mzigo mgongo, akavuta. Sakafu ikaisha, saruji ya nje ikaanza. Akapita kamba ya kwanza. Jua lilimpiga usoni, weupe ukamjaa machoni, akapita kamba ya pili, na hapo mashuka ya pande zote mbili yakaanza kuvimba na kunywea, kuvimba na kunywea, bila upepo, kwa pamoja, kama yote ni kifua kimoja, na harufu ya kisima ikapanda kutoka chini ikamfunika hata ndani ya foronya, naye akavuta, kona za shuka zikimkata begani, akisikia nyuma yake kitambaa kikikwaruza saruji na, kati ya mkwaruzo na mkwaruzo, hatua nyingine, za majimaji, zisizo zake, zikifuata kwa karibu, na kikohozi, si cha mbali tena, cha hapohapo, kwenye kichwa cha Shangazi, kimoja, kingine, cha tatu, na alijua kwa ujuzi wa mifupani kwamba akigeuka atainama, na akiinama yamekwisha, kwa hiyo hakugeuka, alifumba macho akavuta, na chini ya kamba ya tatu, ghafla, mzigo ukawa mwepesi.

Mwepesi kama mto. Karibu aanguke kifudifudi kwa jinsi alivyokuwa anavuta. Mkwaruzo ulikoma. Alikwenda hivyo kamba ya nne, ya tano, na kwenye ya sita mzigo ukarudi begani kwa kishindo, na nyuma, mbali kidogo, akasikia kitu kikubwa kikianguka kwenye saruji, laini, kizito, kama rundo bichi linalotupwa.

Hakugeuka. Akafungua geti kwa kiwiko. Wapita njia walimwona msichana mwenye foronya usoni akimburuta bibi kwenye shuka katikati ya barabara, wakapisha. Mtu akakimbia mbele kuita, na muuguzi akatoka na machela.

Shangazi alikaa wodini siku kumi na tisa. Siku ya nne alianza kukohoa. Siku ya sita waliweka mpira wa hewa puani. Kwa siku tatu msichana hakuruhusiwa kuvuka mlango wa kioo. Lakini pumzi ilirudi, na muuguzi, aliyekuwa mgumu wa tabasamu, alimwambia neno moja tu: "Tulimwahi." Udobini madirisha yalibaki wazi, aproni zilichemshwa, na hakuna mwingine aliyeanguka. Waliomwamini mganga walisema ni kwa sababu hakuna aliyenyanyua. Waliomwamini muuguzi walisema ni madirisha. Msichana hakushindana nao. Alikuwa amelitapika jiwe lake, akalala usingizi.

Mpaka siku Shangazi aliporudi nyumbani.

Aliketi mlangoni kwenye jua, kitambaa cha mkono mapajani, akikikunja kona kwa kona kurudisha vidole kazini.

"Uliapa," alisema, bila hasira.

"Sikukunyanyua, Shangazi. Nilikuburuta kwa shuka tangu mezani mpaka getini."

"Tangu mezani, sawa. Sakafu niliihisi mgongoni, kila ufa. Usidhani nilizimia. Lakini tulipofika kwenye kamba ukaona nachubuka, ukanichukua mikononi. Mkono mmoja chini ya magoti, mmoja chini ya shingo, kama mtoto. Nikajiuliza, huyu ana nguvu hizi tangu lini." Akanyoosha kitambaa, akaanza upya. "Ila ulinitia hofu, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unakohoa. Hatua kwa hatua, sikioni mwangu. Na kifua chako kilinuka kisima."

Msichana aliinuka. Alimletea maji, akamfunika miguu, na asubuhi akawahi uwanjani, ambako hakuwa amekanyaga tangu siku ile, kabla ya mashuka kuanikwa.

Chini ya kamba ya tatu palikuwa na shuka moja, limelala. Wenzake walisema wamelikuta hapo tangu wiki zile, na kila aliyetaka kuliokota alihisi mkono unakuwa mzito, akapita kando. Siku zote hizo kwenye jua, na bado lilikuwa limelowa. Halikulala bapa kama shuka linavyolala. Lilikuwa na kichwa, na bega, na goti lililokunjwa. Na lilikuwa linapanda na kushuka, kidogo sana, kwa taabu.

Hapo akaelewa. Jini aliyezoea kuona watu wakiinama alikuta hakuna wa kuinama, akainama mwenyewe. Amemnyanyua aliyeanguka. Na anayenyanyua ndiye anayeanguka.

Chini ya shuka kikatoka kikohozi, cha kizee, kilichochoka, na baada yake sauti ndogo iliyofanana sana na ya Shangazi.

"Mwanangu. Ninyanyue."

Mkono wake ulikuwa tayari umenyooka. Miaka sita ya kazi ilikuwa ndani ya mkono ule. Shuka halilali chini. Aliurudisha kwa mkono wa pili, kidole kwa kidole. Akaleta ndoo nne, akazipanga kuzunguka, akawaambia wote: kamba ya tatu haianikwi, na lile lililolala liacheni lilale. Wakamsikia. Lililala siku nzima, na ya pili, na ya tatu.

Asubuhi ya nne alikuta ndoo zimepangwa ukutani, moja ndani ya nyingine. Saruji ilikuwa imefagiliwa, nyeupe, kavu.

Ndani, Bwana Saa alikuwa amerejea. Alikuwa amekonda, shati linamcheza, lakini ndevu kanyoa na funguo ziko kiunoni. Alikuwa amefungua milango alfajiri peke yake, kama zamani. Watu wakampokea kwa furaha. Msichana alisubiri salamu ziishe.

"Shikamoo. Lile shuka la uwanjani liko wapi?"

Alisonya. Kaugua mwezi na kidogo tu, alisema, na tayari watu wanaacha mashuka yanalala chini kama hawakulelewa. Amelinyanyua mwenyewe. Kwanza lilikuwa kavu kabisa. Amelikunja, amelitia kwenye furushi na mengine mia mbili, na gari limeshaondoka kwenda kuyasambaza, wodini na kwenye nyumba za wageni mji mzima.

"Tena mmechelewa," alisema, na akainua uso kuitazama saa yake. Akabaki ameikodolea. Mkono wake ukatafuta ukuta.

Watu wakarudi nyuma. Huko nje uwanjani hakuna kilichokohoa, na hakingekohoa tena, kwa sababu hapakuwa na kitu tena huko nje. Msichana alivaa glavu, akafunga foronya puani, na bila kuondoa macho kwenye kile kiganja kilichoanza kuteleza, akachomoa shuka kutoka kwenye pasi.